Una tela nyuma? Zima ovadraivu!

Wiki hii sina habari za mapenzi, nina habari za gia.

Nilikuwa kwenye usukani wa pikapu ya anko, ya otomatiki, tukivuta tela dogo la spika za disko kwenda harusini Iringa. Moro mpaka Mikumi, raha mustarehe. Kuanza tu milima ya Kitonga, vituko! Nikilegeza mafuta gia inapanda, nikikanyaga inashuka, kama gari limelewa. Mara harufu ya kuungua. Anko akazinduka usingizini: "We kijana, zima ovadraivu!"

Kumbe ovadraivu ni ile gia ya juu inayopunguza mizunguko ya injini na kubana mafuta. Kwenye tambarare, na mzigo mwepesi, iache tu. Mlimani haina nguvu. Gia zinahangaika, oili ya giaboksi inachemka, na giaboksi ikifa utauza shamba. Bonyeza kitufe kwenye mkono wa gia. Taa ya O/D OFF ikiwaka, imezimika. Kwenye mteremko pia zima, injini isaidie breki.

Tulipumzisha gari, harusini tukachelewa, bwana harusi akanuna. Lakini wakati wa kurudi, kuteremka Kitonga, taa niliiwasha mwenyewe. Anko alikuwa anakoroma.