Nyanya akiacha kupanda mlima, muulize kwa nini

Wewe unayeishi Voi mjini, mara ya mwisho kupanda Wundanyi kumwona nyanya ilikuwa lini? Na ulipofika, ulimtazama anavyotembea, ama ulikuwa kwa simu?

Nakuuliza kwa sababu kuna ugonjwa unaojificha nyuma ya neno "uzee". Moyo una milango inayoitwa vali. Vali ya aota hufunguka kila moyo unaposukuma damu kwenda mwilini. Miaka ikisonga, kalsiamu hujikusanya juu yake, inakakamaa na kugoma kufunguka. Nafasi ikibaki chini ya sentimita 1 ya mraba, hapo ni kubaya.

Dalili kubwa ni tatu: kuhema, kifua kubana na kuzirai akijikaza. Zikianza, msikae. Katika utafiti wa PARTNER wa 2010, wazee ambao hawangeweza kupasuliwa waligawanywa makundi mawili. Waliopewa matibabu ya kawaida, nusu walifariki ndani ya mwaka 1. Waliowekewa vali mpya kupitia mshipa wa paja, waliofariki ni karibu asilimia 31.

Shida ni kwamba wazee wetu hawalalamiki. Ukimuuliza kama anahema, atakwambia yuko sawa. Kumbe aliacha kupanda mlima kitambo, siku hizi anatuma watoto dukani. Kwa hivyo usimuulize anaumwa wapi. Muulize ameacha kufanya nini.

Na usidhani daktari ataangalia umri pekee. Utafiti mwingine wa 2010 ulipima wazee 131 wa Marekani na Kanada kabla ya upasuaji wa moyo. Waliotumia sekunde 6 au zaidi kutembea mita 5 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa au kupata matatizo makubwa baadaye. Mzee wa miaka 85 anayejilimia shamba anaweza kustahimili kuliko wa 72 asiyeinuka kitini bila kushikwa.

Kuhema si lazima iwe vali. Inaweza kuwa presha, mapafu au upungufu wa damu. Ndiyo maana apimwe. Anzeni Wesu ama Moi pale Voi, daktari amsikilize kifua. Akisikia mvumo, ulizeni kuhusu eko, ile picha ya moyo, hata kama itabidi mteremke Mombasa, kilomita kama 150. Na mwambie daktari ulichokiona nyumbani, maana nyanya mwenyewe hatasema.