BUSTANI YA JIKONI: ANZA NA GUNIA MOJA



Mgao wa chakula hutuliza njaa, lakini hauna majani mabichi. Unga, maharage, mafuta na chumvi havitoshi kumlinda mtoto. Anahitaji pia vitamini A, ambayo hulinda macho na kuusaidia mwili kupigana na magonjwa. Vitamini hiyo imo katika lengalenga, majani ya maboga, matembele na sombe. Ukiuza maharage ya mgao ili ununue fungu la mboga, mwisho wa mwezi utakosa vyote viwili. Ndiyo maana tunakushauri uanze bustani mlangoni pako, hata kama hujawahi kushika jembe.

Kwa nini karibu na nyumba?

Ukipita kwenye vilima vya Gitega na Muyinga utaona migomba imezunguka nyumba za wenyeji. Wana sababu. Maganda, majivu, samadi na maji ya vyombo huishia hapo, kwa hiyo udongo wa kando ya nyumba hupata rutuba kuliko ule wa mbali. Bustani ndogo ya namna hii Warundi huiita akarima k'igikoni, yaani kishamba cha jikoni. Wewe pia una maganda, majivu na maji ya vyombo. Shamba kubwa huna, lakini kwa kuanza halihitajiki.

Hali ya hewa ya huku

Wengi wenu mmetoka Uvira na Fizi, kando ya ziwa Tanganyika, ambako ni mita 770 hivi juu ya bahari na kuna joto. Gitega na Muyinga ni nyanda za juu. Usiku ni baridi na mimea hukawia. Lengalenga uliyozoea kuvuna baada ya wiki 3, hapa huenda ukaingoja wiki 5. Usivunjike moyo. Mvua huanza mwisho wa Septemba au Oktoba, hupungua kidogo Januari, kisha hunyesha tena Februari hadi Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Anayeanza apande mvua zinapoanza.

Namna ya kutengeneza gunia

1. Tafuta gunia tupu la kilo 50, na kopo la mafuta lililokatwa juu na chini.

2. Kwa kila ndoo 2 za udongo changanya ndoo 1 ya samadi iliyooza. Ongeza konzi 2 za majivu, maana udongo wa vilima hivi mara nyingi una uchachu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kinyesi cha binadamu usitumie kamwe.

3. Simamisha kopo katikati ya gunia na ulijaze vijiwe. Jaza udongo kulizunguka. Vuta kopo juu, vijiwe vibaki, kisha ujaze tena hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya vijiwe ndiyo njia ya maji. Bila hiyo, maji hubaki juu na mimea ya chini hukauka.

4. Toboa matundu ubavuni mwa gunia, ukiacha shubiri moja kati ya tundu na tundu.

5. Mbegu za lengalenga ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu, uzinyunyize juu ya gunia, kisha uzifunike kwa udongo mwembamba. Wanaoanza mara nyingi huzizika chini mno, nazo hazioti. Miche ikifika urefu wa kidole, ng'oa ile inayobanana na uipande kwenye matundu.

Maji

Usipunguze maji ya kunywa ya watoto. Tumia maji uliyosuuzia vyombo au kuoshea mboga. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kufulia yamwage mbali. Mwagilia asubuhi au jioni, si jua likiwa kali.

Mambo ya kuepuka

Usizungushie bustani chandarua. Kina dawa, na kazi yake ni kuwakinga watoto na malaria. Tumia miba au mabua kuzuia mbuzi na kuku. Usiweke gunia karibu na choo. Kabla ya kulima nje ya kiwanja chako, mwulize kiongozi wa bloki, ili usije ukagombana na jirani.

Kuvuna

Usiing'oe lengalenga. Kata sehemu ya juu na uache shina lenye majani machache, nayo itachipua tena. Pika majani kwa muda mfupi na utie mafuta kidogo, kwa sababu bila mafuta mwili haupati vizuri vitamini A. Acha miche 2 ikomae bila kukatwa. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, kwa hiyo msimu ujao hutanunua.

Gunia moja halitashibisha familia nzima. Litakupa mboga ya kuongeza kwenye ugali, na litakufundisha kazi. Likikataa mara ya kwanza, umepoteza konzi ya mbegu tu: angalia ulipokosea, upande tena. Likikubali, tengeneza la pili, na mbegu zilizobaki umpe jirani naye aanze.