Je, Wajua? Mafia ya Potwe, Kasa na Popo

Je, wajua kwamba nchi ya Kilimanjaro ilikuwa na hifadhi ya taifa nyikani miaka 44 kabla ya kuwa na hifadhi ya bahari? Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania ikaja 1995, na ikazaliwa wapi? Kisiwani Mafia!

Ilibidi kwanza itungwe sheria mpya kabisa: Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29 ya mwaka 1994. Mwaka uliofuata tu, kilomita za mraba 822 zikawa hifadhi, na karibu robo tatu yake imo majini.

Serengeti hukuti kijiji ndani. Mafia, vijiji zaidi ya kumi vimo ndani ya hifadhi! Visiwani Chole, Juani na Jibondo watu wanapika, wanaoana na wanavua humohumo. Ila sehemu nyingine hutupi hata ndoana, na kokoro na baruti ni marufuku nchi nzima.

Sasa sogea karibu, maana nafika kwa potwe. Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani: hupita mita 12, yaani Coaster moja na nusu na ushee. Chakula chake? Uduvi na vidagaa! Jirani zetu wa Kenya humwita papa shilingi, kwa yale madoa meupe mgongoni yanayong'aa kama sarafu.

Na madoa hayo, je, wajua hayafanani kwa potwe wawili? Ni kama alama za vidole vyako. Watafiti humpiga picha ubavuni, kisha kompyuta inamtambua kwa hesabu iliyobuniwa na wanaastronomia kwa ajili ya kulinganisha nyota. Hesabu ya mbinguni inamtafuta samaki wa Kilindoni, huko Mafia!

Zamani ilidhaniwa kwamba potwe wa Mafia huja msimu wa Oktoba hadi Machi, kisha huenda zao mbali. Wakafungwa vifaa vya kutoa sauti, vikasikilizwa chini ya maji, na mwaka 2015 matokeo yakachapishwa: wengi hawaondoki! Wanasogea tu nje kidogo na kuzama zaidi, pale ambapo jicho la mvuvi haliwafikii. Tena wengi wao ni madume wachanga.

Mama zao je? Mwaka 1995 huko Taiwan alivuliwa jike mmoja mwenye mimba. Tumboni mlikuwa na vitoto 300. Mia tatu, ndugu yangu!

Tuvuke kwenda Juani. Kwenye fukwe za huko kasa hupanda usiku, akafukia mayai mia moja au zaidi, akarudi zake baharini. Baada ya kama miezi miwili yanaanguliwa, na joto la mchanga ndilo linaloamua: mchanga wa moto huleta majike, wa baridi huleta madume. Kumuua kasa ni kosa kisheria, na kuchukua mayai yake pia.

Kitoto hicho kikinusurika na kaa na ndege, huenda kikamaliza miaka 30 kabla ya kutaga mara ya kwanza. Hesabu mwenyewe: kasa aliyeanguliwa mwaka hifadhi ilipozaliwa, huenda ndiyo kwanza anakaribia kuwa mama.

Na pweza je? Huyo unayemla kwa nazi ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Hukua haraka ajabu, ndiyo maana huko Jibondo wamewahi kufunga miamba kwa miezi kadhaa, wakaifungua pweza wakishanenepa.

Mwaka 2004 Rufiji, Mafia na Kilwa ziliunganishwa kuwa eneo moja la ardhioevu la kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ukubwa wake: hekta 596,908! Na mwaka mmoja kabla, hapo Songo Mnara, Kilwa, wavuvi walimtoa silikanti, samaki ambaye hadi mwaka 1938 wataalamu waliapa kwamba alitoweka pamoja na dinosaria.

La mwisho hili, ninalipenda kuliko yote. Ukiwa Chole, inua macho mchana uone popo wakubwa wananing'inia mitini kama maembe. Ni jamii ya popo wa Komoro, na ukoo wao chimbuko lake ni Asia. Waliruka kutoka kisiwa hadi kisiwa wakaivuka Bahari ya Hindi yote, wakafika Mafia. Zimebaki kama kilomita 20 tu kufika bara, unapaona kwa macho siku ya anga safi. Bara la Afrika zima, ukoo huo haupo hata mmoja.