Kujitayarisha kwa Usaili wa Kwanza wa Ualimu

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kijana aliyemaliza mafunzo ya ualimu, naye angoja kuitwa kwa mara ya kwanza ili aulizwe habari za kazi yake. Twasema na vijana wa Rasbura na wa pwani yote ya Lindi mpaka Kilwa, pamoja na wazazi wao na wanafunzi walio bado shuleni. Kwani matayarisho haya huanza mapema kuliko watu wadhanivyo.

Kwa miaka mingi mwalimu wa shule ya Serikali alihitimu, akaomba kazi, akapangiwa kituo pasipo kuhojiwa. Desturi hiyo imegeuka. Mwezi wa Januari 2025 ulianza usaili wa walimu chini ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nao ulifanyika mikoani, karibu na makazi ya waombaji. Sababu yafahamika: wenye vyeti ni wengi kuliko nafasi, wala cheti peke yake hakionyeshi nani ajuaye kufundisha.

Jambo la kwanza ni hati. Siku ya usaili hutakiwa vyeti halisi: cha kuzaliwa, vya shule, na cha ualimu, pamoja na kitambulisho. Karatasi ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti. Hapa ndipo hata mtu hodari huweza kukwama. Huku kwetu kusini wako watoto wapewao jina wazaliwapo, na jingine watokapo jandoni. Tena karani mmoja huandika Mohamedi, na mwingine Muhamadi. Mtu ni mmoja, lakini karatasi zake zasema watu wawili. Mbele ya wasaili hayupo babu wa kushuhudia kwamba huyu ndiye yule. Basi mwenye majina yasiyolingana yampasa kupata hati ya kisheria ya jina, iliyosajiliwa, kabla hajaitwa. Akingoja mpaka siku ya mwito, muda hautamtosha.

Jambo la pili ni kufuata habari. Mwombaji na atazame mara kwa mara akaunti yake katika Ajira Portal, ainakili namba yake ya usaili, na kushika sawasawa siku, saa na mahali. Nauli, chakula na malazi ni juu yake mwenyewe, kwa hiyo atokaye mbali aweke akiba mapema, afike siku moja mbele. Wala asimpe fedha mtu yeyote aahidiye kumpatia nafasi. Huyo ni mwizi.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo ni kazi yenyewe. Msailiwa aweze kueleza jinsi azimio la kazi litokavyo katika muhtasari wa somo, na jinsi andalio la somo litokavyo katika azimio. Ajue pia kwamba mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, nao wataka mwanafunzi aweze kutenda, si kukariri tu. Tuseme aulizwa: “Utafundishaje nusu na robo katika darasa la watoto wengi wenye kitabu kimoja?” Akijibu kwamba atatumia njia shirikishi, amesema maneno matupu. Lakini akisema kwamba atakata chungwa mbele yao, kisha awape makundi vijiti vya makuti wavigawe wenyewe, halafu awaulize kipi kikubwa, nusu au robo, na kwa nini, hapo wasaili wamemwona akiwa darasani.

Majibu ya namna hii hayaji kwa kusoma kimya. Vijana wawili au watatu na wakutane jioni, mmoja aulize, mwingine ajibu kwa sauti, wa tatu asahihishe. Ajibuye aseme taratibu, amtazame amwulizaye, na asilolijua akiri kwa adabu. Kuuliza si ujinga, na kubuni jibu si elimu.

Nanyi wazazi, na ninyi wanafunzi, fungueni sanduku leo. Linganisheni jina lililo katika cheti cha kuzaliwa na lile lililo katika daftari la shule, herufi kwa herufi. Kosa lionekanalo mtoto akiwa darasa la nne ni jepesi kusahihishwa. Likionekana siku ya usaili, laweza kumpokonya kazi.