Kugawa kasi ya intaneti kwa kanuni za ukuta-moto

Ukuta-moto ni sehemu ya mfumo endeshi inayokagua kila pakiti ya data na kuamua ipite au itupwe. Wengi huujua kama kinga dhidi ya wavamizi, lakini unaweza pia kupima data ya kila kifaa na kukizuia kisivuke kiwango kilichopangiwa.

Mombasa haina upungufu wa kebo za intaneti za baharini. TEAMS, kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilifika mwaka 2009, SEACOM ikaja mwaka huohuo na nyingine zikafuata. Msongamano huanzia kwenye waya wa mwisho, unaoingia jengoni. Ghorofa la mtaa wa Liwatoni likilipia megabiti 20 kwa sekunde na kuwa na vifaa 40, fungu la kila kimoja ni nusu megabiti. Ila mtandao wenyewe haujui mafungu: simu moja inayoshusha filamu kupitia miunganisho mingi humeza karibu yote.

Katika Linux, kanuni hizi huandikwa kwa iptables, iliyokuja na toleo la 2.4 la kiini cha Linux mwaka 2001, au mrithi wake nftables. Njia nyepesi ni kutupa pakiti zote zinazozidi kikomo. Mtumaji akiona hazifiki, hupunguza mwendo mwenyewe. Hapa mafundi wengi huteleza mara mbili. Kwanza, moduli ya limit huhesabu pakiti, si ukubwa wake: pakiti 500 za baiti 1,500 kila sekunde ni megabiti 6, lakini zikiwa za baiti 100 hazifiki hata nusu megabiti. Pili, moduli ya hashlimit, inayoweza kupima ukubwa, hupima kwa baiti, ilhali intaneti huuzwa kwa biti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo nusu megabiti ni takriban kilobaiti 62 tu.

Kutupa ni ukatili kidogo; simu za sauti na video hukatikakatika. Bora foleni: kanuni huipa pakiti alama, kisha programu ya tc huichelewesha mpaka zamu yake ifike. Ndivyo wapita njia walivyosubiri kwenye daraja la kuelea la Liwatoni, lililoanza kutumika 2021, kila lilipofunguliwa kupisha meli. FreeBSD ina dummynet, kazi ya Luigi Rizzo wa Pisa, inayopokea pakiti moja kwa moja kutoka kanuni za ipfw. Ruta za MikroTik zina foleni zake tayari.

Kumfungia kila mpangaji nusu megabiti usiku na mchana ni uchoyo usio na faida, kwani usiku wa manane njia hukaa tupu. Katika Linux, mpango wa foleni wa tc uitwao HTB humhakikishia kila mmoja fungu lake na kumruhusu kuazima lililolala. Jumla iwekwe chini kidogo ya iliyolipiwa, tuseme 18 badala ya 20, ili foleni ijipange ndani ya ruta ya jengo na si kwa mtoa huduma, ambako fundi hana amri nayo.