Sarufi ya Vazi Jeusi: Ujane na Mzaha Katika Uingereza ya Malkia Victoria

Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, alifariki tarehe 14 Desemba, 1861. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwenyewe mwaka 1901, Malkia hakuacha kuvaa nguo nyeusi. Desturi ya mavazi ya msiba ilikuwako kabla yake, lakini mfano wake uliizidishia nguvu, hasa miongoni mwa watu wa tabaka la kati.

Mavazi hayo yalikuwa na sarufi yake. Kwa muda wa mwaka mmoja na siku moja mjane alivaa nguo nyeusi zisizong'aa, zilizofunikwa kwa krepu, yaani kitambaa cha hariri kilichokunjamana. Baadaye krepu ilipunguzwa, na katika daraja ya mwisho rangi ya kijivu au ya zambarau iliyopauka iliruhusiwa. Muda wote ulikaribia miaka miwili na nusu. Mwanamume aliyefiwa na mkewe alitosheka na utepe mweusi kofiani na glavu nyeusi, akaendelea na shughuli zake. Aliyemwona mjane njiani aliweza kusoma umri wa msiba wake na, aghalabu, kukisia kama yu tayari kuposwa.

Ujane huo uliosomeka hadharani ulikuwa pia shabaha ya mzaha. Katika riwaya ya Charles Dickens, The Pickwick Papers (1836–1837), mzee Tony Weller, mwendesha gari la farasi, amwonya mwanawe Sam ajihadhari na wajane. Hata hivyo, mjane aliyemwoa Weller alikuwa na kilabu chake cha pombe huko Dorking. Kabla ya sheria za 1870 na 1882 zilizohusu mali ya wanawake walioolewa, fedha na vyombo vya mke viliingia mikononi mwa mumewe, ilhali mjane aliweza kumiliki mali na kufanya mapatano kwa jina lake. Mzaha ulimchora mjane kuwa mwindaji, na huku kwa sheria yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Mashambani msiba ulivishwa hata nyuki. Mtu wa nyumbani aligonga mzinga kwa ufunguo, akatangaza kifo, kisha akaufunga kitambaa cheusi. Iliaminika kwamba nyuki wasipoarifiwa watakufa au watahama.

Kwa mfasiri, jambo hili lina mitego miwili. Kwanza, vazi la mjane liliitwa 'weeds', neno lililotokana na Kiingereza cha kale lenye maana ya mavazi, wala halina nasaba na lile la magugu. Pili, si sawa kuliita eda. Eda ni hukumu ya dini, yenye kikomo cha miezi minne na siku kumi, au kujifungua kwa mjane mjamzito, na ndani yake mjane haruhusiwi kuolewa. Krepu iliamriwa na jamii na kuchochewa na wafanya biashara, kama duka la Jay's lililofunguliwa London mwaka 1841. Haikumzuia mjane kisheria kuolewa. Afadhali mfasiri aseme 'mavazi ya msiba', kisha aeleze daraja zake.