Kuchagua Kitabu cha Kwanza cha Uhandisi wa Umeme

Kozi ya kwanza ya uhandisi wa umeme, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Boston, huanzia mahali pamoja: saketi. Mwanafunzi hupewa sheria ya Ohm iliyochapishwa mwaka 1827, kisha sheria mbili za Kirchhoff za mwaka 1845. Baada ya hapo huja kanuni ya Thévenin, kapasita na koili, mkondo geu, yaani AC, na mwishoni umeme wa fezi tatu. Msingi huu ni wa zamani na haubadiliki, ndiyo maana vitabu vya somo hili hufanana sana kwa yaliyomo. Anayelinganisha orodha za sura peke yake hatajua achukue kipi aache kipi. Vinachotofautiana ni hisabati ambayo mwandishi anadhani msomaji wake anaijua, ubora wa mazoezi, na aina ya umeme uliozoeleka katika nchi ya mwandishi.

Cha kuangaliwa kwanza ni hisabati. Mwanafunzi wa Tanzania aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati amekwisha kukutana na kalkulasi na namba changamano. Aliyeingia diploma kutoka kidato cha nne kwa kawaida hajavifikia. Huyu wa pili akipewa Electric Circuits cha Nilsson na Riedel, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1983 na kusomeshwa katika vyuo vikuu vingi, atakwenda vizuri katika sura za mwanzo. Atakwama pale kapasita inapoanza kujaa chaji na mlinganyo wake kuandikwa kwa kalkulasi. Wengi hufikia hapo wakajiona hawana akili ya umeme, na hilo linasikitisha, kwa sababu kilichowashinda ni hisabati ambayo hakuna aliyewafundisha. Mwanafunzi wa aina hii anafaa kuanza na Introductory Circuit Analysis cha Robert Boylestad, cha tangu 1968, ambacho huenda polepole na kutegemea zaidi aljebra. Vinamfaa pia vitabu vya Mwingereza John Bird. Katika Electrical Circuit Theory and Technology, Bird ametenga sura nzima ya kurudia namba changamano kabla ya kuzitumia kwenye mkondo geu.

Kwa wa shahada uwanja ni mpana. Fundamentals of Electric Circuits cha Charles Alexander na Matthew Sadiku, mhandisi mzaliwa wa Nigeria aliyefundisha Marekani, kinamzoeza msomaji kutatua kila swali kwa hatua sita zilezile. Kwa anayeanza, nidhamu hiyo ina faida kubwa. Foundations of Analog and Digital Electronic Circuits cha Anant Agarwal na Jeffrey Lang, kilichotoka 2005 kutokana na kozi yao ya MIT, kina kina zaidi: kabla ya hesabu yoyote kinaeleza kwa nini inaruhusiwa kuuchora umeme kama saketi, na ni lini ruhusa hiyo inakoma. Ni kitabu bora, lakini hakimsubiri aliye nyuma kwa hisabati.

Kisha kuna A Textbook of Electrical Technology cha B. L. Theraja na A. K. Theraja, kutoka India, ambacho mafundi na wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wanakifahamu. Kina juzuu nne, kuanzia misingi hadi mota, jenereta, usafirishaji wa umeme na elektroniki, na kimejaa hesabu zilizokokotolewa hadi jibu la mwisho. Hakuna kinachomfaa zaidi anayejiandaa na mtihani. Maelezo yake, hata hivyo, ni mafupi, na msomaji anaweza kujua namna ya kufanya hesabu bila kujua kwa nini inafanywa hivyo. Kinafaa kuwa cha pili mezani, si cha kwanza.

Kuna jaribio dogo linaloweza kufanywa palepale dukani au maktaba. Tuseme kuna betri ya volti 12 na rezista mbili zilizofuatana, moja ya kiloomu 4 na nyingine ya kiloomu 8. Volti za betri hugawanyika kwa uwiano wa rezista, kwa hiyo kwenye ile ya kiloomu 8 hupatikana volti 8. Kila kitabu kina hesabu hii. Sasa kifaa chenye ukinzani wa kiloomu 8 kiunganishwe sambamba na ile rezista kubwa ili kitumie zile volti 8. Zinashuka hadi 6. Mbili za kiloomu 8 zikiwa sambamba ni sawa na moja ya kiloomu 4, na betri sasa inagawanywa nusu kwa nusu.

Kitabu dhaifu hutoa fomula ya kwanza, hutoa ya pili, kisha husonga mbele. Kitabu kizuri husimama hapo na kuuliza volti mbili zimekwenda wapi. Huonyesha kwamba mkondo umepanda kutoka miliampea 1 hadi 1.5, kwamba rezista ya kwanza sasa inabaki na volti 6 badala ya 4, na kwamba mita ya kupimia yenye ukinzani mdogo nayo ingeweza kuharibu kipimo kwa njia hiyohiyo. Baadaye, kikifika kwa Thévenin, hurudi kwenye saketi hiyo na kuonyesha kwamba ukiitazama kutoka nje ni sawa na betri ya volti 8 yenye ukinzani wa takriban kiloomu 2.67 ndani yake. Mwanafunzi aliyepitishwa hivyo ameelewa, na kitabu kinachofanya kazi hii kwa subira kinastahili bei yake.

Mazoezi nayo yapimwe kwa namna yanavyopanda. Yakiwa mepesi yote, mtihani utamshtua mwanafunzi. Yakianza na magumu, atakata tamaa wiki ya pili. Majibu yawepo mwishoni, walau ya maswali ya namba witiri, maana anayejisomea usiku bila mwalimu hana njia nyingine ya kujua kama amekosea. Pale mazoezi yasipotosha, Electric Circuits cha mfululizo wa Schaum, kilichoanzishwa na Joseph Edminister mwaka 1965, hujaza pengo kwa gharama ndogo.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni umeme wenyewe. Vitabu vingi vikubwa vimeandikwa Marekani, ambako nyumbani huingia volti 120 kwa hezi 60. Tanzania ni volti 230 na Kenya 240, zote kwa hezi 50. Katika kitabu cha Marekani mwanafunzi hukutana mara kwa mara na namba 377 katika sura za mkondo geu, nayo ni hezi 60 zikizidishwa kwa 2π. Kwa Afrika Mashariki namba hiyo ni 314. Koili ya henri 0.1 huzuia mkondo kwa omu 37.7 kule na kwa omu 31.4 huku, hivyo aliyekariri 377 atakosea kwa asilimia 20. Kwenye fezi tatu, 208 ya Marekani inakuwa 400 au 415. Hata michoro hutofautiana: rezista ya Marekani ni mstari wa kona kona, wakati ile ya viwango vya kimataifa vya IEC ni mstatili.

Hayo ni ya karatasi. Rangi za waya ni suala la uhai. Marekani, waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ni nyutro, na ethi ni wa kijani. Kwa utaratibu wa zamani wa Uingereza, uliofuatwa katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni nyutro. Uingereza ilibadili nyaya za majengo kuanzia mwaka 2004: kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani na njano kwa ethi. Kwa hiyo waya mweusi katika kitabu kimoja unaua na katika kingine ni wa kurudisha mkondo. Kitabu cha nje kinachogusa uwekaji wa nyaya kisitumiwe darasani kabla mwalimu hajalisema hili waziwazi.

Vitabu vyenye sifa kubwa navyo vina mahali pake. The Art of Electronics cha Paul Horowitz na Winfield Hill, cha tangu 1980, kinapendwa na wabunifu wa vifaa, na Microelectronic Circuits cha Adel Sedra, mzaliwa wa Misri, na Kenneth Smith ni nguzo ya elektroniki. Vyote viwili vinamfaa aliyekwisha kuzimudu saketi. Kumpa anayeanza ni kumpotezea fedha na hamu.

Kuhusu bei, toleo la zamani la kitabu cha saketi linatosha kabisa, kwani kinachobadilika sana ni namba za maswali. Wapo pia waliotoa kazi zao bure. Lessons in Electric Circuits cha Tony Kuphaldt, chenye juzuu sita, kinapatikana kwenye intaneti na kuruhusiwa kunakiliwa, na James Fiore ameweka vitabu vya saketi za DC na AC kwa masharti ya ukarimu vilevile. Vinaweza kupakuliwa mara moja na kusomwa kwenye simu bila bando, jambo kubwa kwa mwanafunzi wa bweni.

Kwa kuwa vitabu hivi vyote viko kwa Kiingereza, usomekaji nao uhesabiwe. Sentensi fupi na mchoro kando ya kila hesabu humsaidia msomaji kuliko aya ndefu za ufasaha. Mhadhiri anayetaja kitabu ataje na toleo lake, na pale maktaba inapokuwa na matoleo mawili, abandike ukutani jedwali linaloonyesha swali la toleo jipya liko ukurasa gani katika la zamani.